Bunduki na Mzigo: Askari wa Mapigano na Watu wa Huduma Jeshini

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Songea

Kaeni vizuri, fungueni madaftari yenu, na kila mmoja awe na kalamu mkononi. Maneno yaliyosemwa redioni yamepigwa chapa hapa ili yule aliyeyasikia ayasome tena polepole, na yule aliyekuwa shambani asipitwe na somo. Mmoja asome kwa sauti, wengine wafuate kwa kidole. Mkifika penye hesabu, simameni, mwifanye wenyewe kabla ya kuendelea.

Somo letu la leo ni la jeshi. Hatuji kukufundisha kulenga shabaha wala kupiga kwata. Tunataka ujue jambo moja tu, nalo ni hili: jeshi si bunduki tupu. Nyuma ya kila mtu mwenye bunduki wapo watu wengine, yaani wapishi, madereva, waganga, mafundi, makarani, na zamani wachukuzi wa mizigo. Ukiijua tofauti ya watu hawa, utaelewa kwa nini watu wengi wa nchi hii walikufa vitani bila ya kushika bunduki hata siku moja, na kwa nini majina yao ni shida kuyaona mahali popote. Habari hii inamhusu mtu wa Songea kama inavyomhusu mwanajeshi.

MANENO YA LEO

Yaandikeni maneno haya katika madaftari:

Kikosi: kundi la watu wa jeshi wenye mkuu mmoja na kazi moja.
Posho: chakula anachopimiwa mtu kwa siku.
Mstari wa mbele: mahali pale wanapokutana na adui.
Ghala: nyumba ya kuwekea akiba.
Orodha: karatasi iliyoandikwa majina au vitu kwa mpango.

KIKOSI CHA MAPIGANO NI KIPI?

Katika kila jeshi zipo namna mbili kubwa za vikosi. Namna ya kwanza ni vikosi vya mapigano. Hawa ni askari wa miguu, askari wa mizinga, na askari wa vifaru. Kazi yao ni kukutana na adui, kumzuia au kumwondoa. Namna ya pili ni vikosi vya huduma. Hawa huwalisha, huwatibu, huwasafirisha, huwatengenezea na huwaandikia wale wa kwanza.

Labda utauliza, ‘Nitavitambuaje? Wote si wamevaa sare moja?’ Ni kweli, sare yaweza kuwa moja. Basi tumia swali hili: kikosi hiki kikiamriwa usiku huu kuondoka, je, kitaondoka chote pamoja na mkuu wake, na silaha zake, na chombo chake cha mawasiliano, na kesho kiweze kupigana? Ikiwa jibu ni ndiyo, hicho ni kikosi cha mapigano. Ikiwa kikiondoka kazi yake itasimama, au hakiwezi kupigana kwa kuwa hakikuundwa kwa ajili hiyo, basi hicho ni kikosi cha huduma.

Kikosi cha mapigano hupangwa kwa ngazi, kama familia na ukoo. Mfano, kwa askari wa miguu, watu kama 10 hufanya seksheni, nayo huongozwa na koplo au sajini. Seksheni tatu hivi hufanya platuni. Platuni tatu au nne hufanya kombania, yenye watu zaidi ya 100. Kombania kadhaa hufanya batalioni, yenye mamia ya watu. Batalioni kadhaa hufanya brigedi. Idadi hubadilika kwa nchi na kwa nyakati, lakini mpango ni huo. Kwa nini ngazi hizi? Kwa sababu mkuu mmoja hawezi kuwaamuru watu 800 kwa mdomo. Huwaamuru wakuu wachache walio chini yake, nao huwaamuru wengine, mpaka amri imfikie mtu wa mwisho aliyelala nyuma ya kichuguu.

VIKOSI VYA HUDUMA NI VIPI?

Hapa tugawanye tena sehemu mbili, maana watu wengi hukosea.

Sehemu ya kwanza ni huduma zinazofuatana na wapiganaji. Wapo wahandisi, ambao hutengeneza barabara na madaraja na kuondoa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Wapo watu wa mawasiliano, wapo waganga na wabeba majeruhi, wapo madereva wa malori, na mafundi wa magari na silaha. Hawa huenda karibu kabisa na mstari wa mbele, na risasi haiwaulizi kama ni wapishi au la. Wengi hufundishwa kutumia bunduki ili wajilinde. Lakini kazi iliyowapeleka huko si kupigana.

Sehemu ya pili ni huduma zinazobaki mahali pake. Hizi ni vyuo vya mafunzo, hospitali kubwa za jeshi, maghala makuu, karakana, ofisi za mishahara na ofisi za kumbukumbu. Kwa mfano, hapa kwetu katika wilaya ya Songea ipo kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa ya Mlale. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Vijana hufundishwa humo kazi, kilimo, uzalendo na mafunzo ya mwanzo ya kijeshi. Kijana akitoka huko amepata msingi. Lakini kambi ya kufundishia vijana si sawa na batalioni iliyo tayari kuondoka usiku.

Basi ukisikia kwamba nchi fulani ina askari laki moja, usidhani kwamba laki moja wanaweza kusimama mstari wa mbele kesho. Uliza: wangapi ni wa mapigano, wangapi ni wa huduma, na wangapi wamo mafunzoni? Hapo ndipo utajua nguvu ya jeshi lile.

HESABU YA MZIGO

Sasa tufanye hesabu. Hesabu hii ni ya nyakati za wazee wetu, ambapo huku kusini hapakuwa na reli, na malori yalikuwa adimu. Punda, ng'ombe na farasi walikufa upesi kwa ugonjwa wa mbung'o. Mzigo ulikuwa unasafiri juu ya kichwa cha mtu.

Tuseme mchukuzi anabeba ratili 60 za unga, yaani kilo 27 hivi. Yeye mwenyewe anakula ratili 2 kwa siku. Tuseme ghala liko mbali na askari kwa mwendo wa siku 10.

Kwenda siku 10: 10 × 2 = ratili 20 anakula.
Kurudi siku 10: 10 × 2 = ratili 20 anakula.
Jumla anakula: ratili 40.
Zinazobaki kwa askari: 60 − 40 = ratili 20.

Askari naye anakula ratili 2 kwa siku. Basi mtu yule ametembea siku 20, na mzigo wake umewalisha askari 10 kwa siku moja tu.

Endelea. Kombania ina askari 200. Ili wale kila siku, lazima wachukuzi 20 wafike kila siku. Kila mchukuzi anatumia siku 20 kwenda na kurudi. Basi 20 × 20 = 400. Watu 400 lazima wawe njiani siku zote, ili askari 200 wapate unga peke yake. Hatujahesabu chumvi, wala risasi, wala dawa, wala mahema, wala mgonjwa anayebebwa kwa machela.

Na sasa tazama ajabu hii. Ghala likiwa mbali kwa siku 15, mchukuzi atakula ratili 30 kwenda na ratili 30 kurudi. Jumla 60. Mzigo wote ameula mwenyewe njiani, na askari hakupata kitu. Hapo jenerali hodari kuliko wote hana la kufanya, ila mambo matatu: ajenge barabara, ayasogeze maghala, au achukue chakula cha wananchi walio karibu. Likumbuke sana hilo la tatu, maana tutalirudia.

VITA YA 1914 MPAKA 1918 HAPA KWETU

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, nchi hii ilikuwa chini ya Wajerumani, ambao wazee wengine waliwaita Wadachi. Jeshi lao hapa lilikuwa na kombania 14, na askari Waafrika wapatao 2,500. Kila kombania ilipangwa iweze kusafiri na kupigana peke yake. Ilikuwa na askari kati ya 150 na 200, maofisa wachache, bunduki za rasharasha, na wachukuzi wake yenyewe, ambao kwa kawaida walizidi 200. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza wabeba mizigo walikuwa wengi kuliko washika bunduki.

Kwa upande wa Waingereza hali ilikuwa hiyo hiyo, tena kwa ukubwa zaidi. Wapiganaji wao Waafrika walikuwa katika jeshi la King's African Rifles, ambalo watu waliliita Keya. Vita ilipokwisha, Keya ilikuwa na askari wapatao 35,000. Lakini wachukuzi walioandikwa au kukamatwa kwa kazi ya Waingereza katika nchi zote hizi, kuanzia Uganda na Kenya mpaka Nyasa na Tanganyika, wanakadiriwa na wanahistoria kuwa karibu milioni moja.

Songea iliingia katika habari hii mwezi wa Septemba 1916, Waingereza walipoitwaa boma kutoka kwa Wajerumani. Walikuja kwa upande wa Ziwa Nyasa. Mizigo yao ilivuka ziwa kwa meli na mashua, ikapanda milima juu ya vichwa vya watu mpaka hapa. Mwezi wa Novemba Wajerumani walijaribu kuirudisha Songea, wasiweze. Mkuu wao mmoja, Meja von Grawert, alibaki na watu wake upande wa Likuyu. Mwezi wa Januari 1917 alijisalimisha pamoja na askari wake wapatao 200. Shida ya chakula ilikuwa miongoni mwa sababu. Walikuwa na bunduki na walikuwa na mikono ya kuzishika. Kilichowapungukia ni kitu cha kutia tumboni.

Mkuu wa majeshi ya Wajerumani, Jenerali von Lettow-Vorbeck, aliijua hesabu ile tuliyoifanya. Mwezi wa Novemba 1917, kabla ya kuvuka mto Ruvuma kuingia nchi ya Wareno, aliacha nyuma mamia ya wagonjwa na watu wengine asioweza kuwalisha. Akavuka na wapiganaji wapatao 2,000 na wachukuzi wake. Mara alipovuka, huko Ngomano, aliwashinda Wareno akachukua bunduki zao, risasi zao na akiba yao. Tangu hapo jeshi lake liliishi kwa kuteka maghala ya adui na kwa kuchukua chakula vijijini. Vitabu vingi humsifu kwa ujanja huo. Lakini ninyi wakulima jiulizeni: kijiji kilichopitwa na maelfu ya watu wenye njaa, wakafungua vihenge vyote na kuondoka, kilikula nini mwezi uliofuata? Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia.

Basi hili ndilo jambo la kushika katika somo la leo. Hakuna jeshi lisilo na huduma. Jeshi likiziandaa huduma zake kwa mpango, kwa mshahara na kwa orodha, kazi hiyo itafanywa na watu wanaojulikana. Lisipoziandaa, kazi itafanywa na mwananchi kwa kichwa chake, kwa kihenge chake, na pengine kwa roho yake.

Watu wa Songea walikuwa wamekwisha kulijua jambo hilo hata kabla ya vita ile. Katika Vita ya Majimaji, iliyoanza mwaka 1905, Wajerumani walichoma mashamba na vihenge ili njaa ifanye kazi ambayo bunduki ilikuwa haijaimaliza. Tarehe 27 Februari 1906 waliwanyonga viongozi wa Wangoni hapa Songea. Mji wetu huwakumbuka mashujaa hao, na makumbusho yao tunayo. Pamoja na hao waliokufa kwa kamba, tuwakumbuke pia wengi zaidi waliokufa kwa njaa.

Lettow-Vorbeck alivuka tena Ruvuma kurudi upande wetu mwishoni mwa Septemba 1918, akapita nchi ya Songea kuelekea Njombe. Alipopita hapa, Wangoni kadhaa waliokuwa wakimfuata waliacha safu wakaenda zao. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba kuwataka watu wapite katikati ya nchi yao baada ya miaka mingi, wasiende kuwaona jamaa zao, ilikuwa kuwataka jambo kubwa mno kwa binadamu. Hatimaye alisikia kwamba vita imekwisha akiwa Rodeshia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Akaweka silaha chini mjini Abercorn, ambao sasa huitwa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Alikuwa na Wazungu wapatao 155, askari Waafrika zaidi ya 1,100, na wachukuzi kama 1,500. Hesabu ni ile ile mpaka siku ya mwisho: mizigo ilihitaji watu wengi kuliko bunduki.

WALIOKUFA NA WASIOANDIKWA

Wachukuzi wengi waliokufa hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa kichomi, na kwa uchovu. Mtu aliyezoea wali au ndizi alipewa unga wa mahindi, pengine bila ya sufuria na bila ya muda wa kuupika ukaiva. Mtu wa nchi ya joto alilazwa mlimani kwenye mvua na blanketi moja. Wanahistoria wanakadiria kwamba wachukuzi wa upande wa Waingereza waliokufa wanafika laki moja hivi. Wale wa upande wa Wajerumani ni vigumu zaidi kuwahesabu, maana wengi hawakuandikwa mahali.

Hapa ndipo tofauti ya kikosi cha mapigano na kikosi cha huduma ilipogeuka kuwa tofauti ya haki. Askari alikuwa na namba, alikuwa na kombania, jina lake lilikuwa katika orodha ya kombania hiyo. Akifa, mkuu wake alijua nani amekufa. Mchukuzi aliandikwa kwa haraka, mara nyingi na mtu asiyejua lugha yake. Jina lilikosewa, kijiji kilikosewa, jina la baba halikuulizwa. Alipokufa njiani, mwingine alishika mzigo wake, safari ikaendelea. Baada ya vita fedha nyingi za mishahara ya wachukuzi waliokufa hazikuwafikia warithi wao, kwa kuwa haikujulikana nani ni mrithi wa nani. Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbe hata mtu bila daftari hupotea bila habari.

Tazama alama zilizobaki. Dar es Salaam ipo sehemu iitwayo Kariakoo, yenye soko linalojulikana nchi nzima. Jina hilo limetoka katika maneno ya Kiingereza yenye maana ya kikosi cha wachukuzi, kwa sababu wachukuzi waliwekwa kambi pale. Nairobi nako lipo jina kama hilo. Watu maelfu huenda Kariakoo kila siku kununua nguo na ndizi, wasijue kwamba wanataja jina la wabeba mizigo ya vita.

Katikati ya Dar es Salaam pia ipo sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Sanamu ni ya mtu mmoja, naye ameshika bunduki yenye singe. Maandishi yaliyo chini yake yanawataja wachukuzi pia, na kusema kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini asiyejua kusoma ataona bunduki tu, wala hataujua mzigo. Huko Nairobi sanamu kama hiyo inaonyesha watu kadhaa, na mchukuzi amewekwa miongoni mwao.

Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wazee waliokuwa hai bado waliopigana upande wa Wajerumani. Inasimuliwa kwamba wengi wao walikuwa hawana karatasi yoyote ya ushahidi. Basi walipewa ufagio mkononi kama bunduki, wakaamriwa kwa Kijerumani wafanye kwata. Mwili wa mzee ulikuwa haujasahau, na aliyefuata amri alilipwa. Ni habari ya kupendeza, lakini malipo yale yalikuwa ya askari. Mchukuzi angeonyesha nini? Hakuna amri ya Kijerumani ya kubeba unga.

JESHI LA NCHI HURU

Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa tarehe 1 Septemba 1964. Miaka kumi na minne baadaye lilipata mtihani mkubwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia mkoa wa Kagera, na mwanzoni mwa Novemba yakalivunja daraja la Kyaka. Adui alikuwa kaskazini-magharibi kabisa, na vikosi vingi vya Tanzania vilikuwa mbali, katika mikoa mingine. Kazi ya kwanza basi ilikuwa ya kusafiri. Askari na zana walipelekwa kwa reli, kwa meli na kwa barabara. Malori na mabasi ya raia na ya mashirika yalichukuliwa kwa kazi hiyo. Katika mwezi huo huo wa Novemba wahandisi wa jeshi walitandika daraja jingine juu ya mto Kagera, na wapiganaji wakavuka. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Majina ya makamanda waliokwenda mbele yanajulikana. Ni wachache wanaoweza kumtaja hata dereva mmoja aliyepeleka mafuta na unga katika matope ya masika.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliunda brigedi maalumu ya kwenda mashariki ya Kongo. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Brigedi hiyo ilipangwa kuwa na batalioni tatu za askari wa miguu, kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, pamoja na kombania moja ya mizinga, na kombania moja ya makomando na upelelezi. Unaona? Hapo umesoma orodha ya vikosi vya mapigano. Wapishi, madereva, madaktari na mafundi hawakutajwa katika orodha ile, ila hakuna hata siku moja ambayo brigedi ile ingeweza kuishi bila wao.

MAKOSA MAWILI YA KUEPUKA

Kosa la kwanza ni kuwadharau watu wa huduma, na kusema kwamba hao si askari wa kweli. Anayesema hivyo hakufanya ile hesabu ya ratili 60.

Kosa la pili ni kinyume chake, yaani kudhani kwamba huduma zikiwa nyingi ndiyo heri. Kila mtu wa nyuma naye anakula, anahitaji nyumba na mshahara. Jeshi lenye ofisi nyingi na wapiganaji wachache ni kama shamba lenye wanyapara kumi na jembe moja. Mkuu mwenye busara hupima: huduma zitoshe kuwaweka wapiganaji mstarini, wala zisizidi hapo. Na huduma zenyewe zipungue kwa kuboresha njia. Barabara nzuri na lori moja huwapumzisha mamia ya vichwa.

Ninyi mliomo darasani mnayo kazi katika jambo hili. Katika nyumba zenu huenda wamo wazee wanaokumbuka habari walizoambiwa na baba zao na babu zao: nani alichukuliwa kubeba mizigo, alipelekwa wapi, alirudi au hakurudi. Serikali za zamani hazikuyaandika majina hayo vizuri. Sasa mnajua kuandika. Daftari lako laweza kuwa orodha ambayo jina hilo halikuipata wakati wake.

MASWALI

1. Ni swali gani la kuuliza ili kutambua kama kikosi ni cha mapigano au cha huduma?
2. Taja huduma tatu zinazofuatana na wapiganaji, na tatu zinazobaki mahali pake.
3. Kwa nini wanyama hawakutumika sana kubeba mizigo ya vita huku kusini?
4. Ghala likiwa mbali kwa mwendo wa siku 5, wachukuzi wangapi watahitajika njiani ili kuwalisha askari 200 kila siku? Tumia ratili zile zile.
5. Jina la Kariakoo limetoka wapi?
6. Kwa nini fedha za wachukuzi wengi waliokufa hazikuwafikia warithi wao?

KAZI YA NYUMBANI

Mwulize mzee mmoja wa ukoo wako habari za vita yoyote anayoijua. Mwamkie kwanza, umwache aseme kwa nafasi yake, usimkate maneno. Kisha andika mistari mitano tu: jina la mtu aliyekwenda, jina la baba yake, kijiji chake, kazi aliyofanya, na mahali alipofika. Kama hujui mstari mmoja, uache wazi, usijaze kwa kubahatisha. Leta daftari darasani mkutanapo tena, kila mmoja asome mistari yake kwa sauti.

Jibu la swali la 4: mchukuzi anakula ratili 20 kwenda na kurudi, zinabaki 40, nazo zinawatosha askari 20 kwa siku moja. Kwa askari 200 wanatakiwa wachukuzi 10 kila siku. Safari ni ya siku 10, kwa hiyo 10 × 10 = 100. Linganisha 100 na 400, uone faida ya ghala lililo karibu.